Umri wa Kupanda Farasi wa Chuma

Enzi zetu, asubuhi ya Butembo ilikuwa ya masikio kabla ya kuwa ya macho. Ukungu ulishuka kutoka vilimani ukakaa barabarani mpaka jua lipate nguvu, na mtu aliyetaka kujua siku yake itakuwaje alisimama nyuma ya dirisha akasikiliza. Magurudumu ya mbao ya chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedeli, yakilia chini ya mzigo wa viazi: kumetulia. Ndala za akina mama wanaokwenda misa: kumetulia. Buti: rudi kitandani, tena si juu yake, chini yake. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka milio hiyo. Tuliisoma kabla hatujasoma a, e, i, o, u.

Ndiyo maana asubuhi moja kipaza sauti kilipokuja kikikwaruza ndani ya ukungu, Mama hakungoja kusikia maneno. Alitusukuma chini ya kitanda, mimi na mdogo wangu Muhindo, kisha akaingia mwenyewe na mtoto mchanga, Kahindo, kifuani. Gari lenye kipaza sauti siku hizo lilikuwa na habari za aina mbili tu: kaeni ndani, au tokeni wote mkafanye kazi ya lazima. Tulilala kifudifudi, pua kwenye vumbi. Gari likakaribia, na hapo ndipo tukasikia:

"Batoto ya Butembo! Maneji imefika Beni! Farasi ya chuma! Inazunguka, inazunguka, haichokake! Batata, bamama, mulete batoto!"

Mama aliinua kichwa akakigonga kwenye ubao wa kitanda. "Farasi?" akasema. "Vita yote hii, na kuko mutu iko naleta farasi?" Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka Kahindo akaamka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa miezi mingi, na nadhani nilimpenda yule farasi kwa ajili hiyo, kabla hata sijajua anafananaje.

Maneji, kwa wale ambao hawakubahatika, ni nguzo kubwa ya chuma iliyosimamishwa uwanjani, na juu yake gurudumu, na kwenye gurudumu wananing'inia farasi. Mtoto anapanda, mtambo unazunguka. Ni hayo tu. Lakini mfanyabiashara mmoja alikuwa ameuvusha vipande vipande kutoka Uganda, akaukusanya Beni, na kwa watoto wa mtaa wetu mbingu ilikuwa imehamia kilomita hamsini na kitu kaskazini. Shuleni, ambako kila mmoja alibeba tofali lake la kukalia kwa sababu madawati yalikuwa yamegeuzwa kuni na wenye bunduki, hatukuzungumza kingine. Wasichana tukicheza nzango, tukirushiana miguu na kupiga makofi, tuliimba majina ya farasi tuliowabuni. Wavulana walizunguka mti wa mkaratusi uwanjani mpaka wakatapika. Watoto wa leo wakikosa mtandao nusu saa wanalia kama wamefiwa. Sisi tulikuwa na mti mmoja na kizunguzungu, na tuliridhika.

Baba alikuwa akienda Beni kila mara kununua mafuta ya mawese. Kwa hiyo swali lilipoingia nyumbani halikuwa kama ataenda. Lilikuwa nani ataenda naye.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Muhindo hakuwa ametimiza sita. Na hapa lazima niwaeleze jinsi mama zetu walivyohesabu umri wakati wa vita, maana hakuna kitabu kitakachowaeleza. Mama alikuwa na aina mbili za watoto. "Kuko mutoto ya mugongo na mutoto ya muguu," alikuwa akisema. Mtoto wa mgongo unamfunga kwa kitenge, unakimbia naye. Mtoto wa mguu unamwambia kimbia, anakimbia. Aliyemwogopesha alikuwa yule wa katikati, mzito kwa mgongo na mchanga kwa njia. Muhindo alikuwa katikati hasa. Usiku, mizinga ikiwa mbali, nilimsikia Mama akimpima kwa mikono, akimwinua kidogo kutoka mkekani na kumrudisha, kama mtu anayekisia uzito wa debe.

Baba alikuwa na kipimo chake, na kilitoka shuleni. Karatasi za kuzaliwa zilikuwa zimeungua, au hazikuwahi kuandikwa, hivyo mwalimu mkuu alipotaka kujua kama mtoto amefikia umri wa kuanza darasa la kwanza, alimwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Vidole vikilifikia sikio, ingia. Visipolifikia, rudi kwa mama yako. Baba aliamini kipimo hicho kama alivyoamini mizani ya mawese. "Mwenye atashika sikio, tutaenda naye Beni," akasema. "Mwenye hashike, atangojea."

"Lakini Tata Masika," Mama akasema, akimwita Baba kwa jina langu, "sikio na farasi, ni mambo gani?"

"Kama mukono haijakomaa, ata akili haijakomaa. Kule njiani kuko bariere ya askari. Wakimuuliza jina, atalia."

"Atalia kama anajua kusema jina yake? Muhindo, unaitwa nani?"

"Muhindo!" akapaza sauti, amesimama wima kama askari. "Tata yangu iko nauzisha mafuta! Tunakaa hapa!"

Walicheka wote wawili, lakini Baba hakubadilisha neno.

Tulipewa juma moja. Muhindo alifanya kazi juma lile kuliko mtu mzima. Alining'inia kwenye boriti ya jikoni kwa mkono mmoja ili mkono urefuke. Alinipa nusu ya viazi vyake nimvute mkono kila asubuhi, nikamvuta, akang'ata meno. Siku ya nne aligundua mwenyewe hila ambayo kila mtoto wa kwetu huigundua: ukiinamisha kichwa kidogo upande wa kulia na kuinua bega la kushoto, sikio linasogea juu kuja kukutana na vidole. Alinionyesha mimi dada yake, yaya wake, nyuma ya nyumba, uso ukimeremeta. "Yaya, ona! Inafika!" Kweli ilifika. Ncha tu ya kidole cha kati.

Jumapili baada ya misa, Baba alitusimamisha ukutani. Mimi nilishika sikio bila shida. Akaja Muhindo. Akapitisha mkono. Kichwa kikaanza kwenda kulia polepole, kwa ufundi, hata Mama aliyekuwa akichambua maharage mlangoni alitazama, kisha akarudisha macho kwenye maharage. Kidole kikagusa. Baba akainama kuangalia. Nikaona anaanza kutabasamu, na nikaelewa kwamba atamkubali.

Nami nikasema, "Tata, iko nainamisha kichwa."

Sijui kwa nini nilisema. Hapana, najua. Nilitaka siku moja ya kuwa na Baba peke yangu, siku ambayo sitaambiwa mshike mdogo wako mkono. Baba alimnyoosha kichwa kwa viganja viwili, taratibu, na kile kidole kikabaki hewani, upana wa punje ya mahindi kutoka sikioni.

"Mwaka ujao," Baba akasema.

Muhindo hakulia. Aliniangalia tu. Mama akasema bila kuinua macho kutoka kwenye maharage, "Masika, wewe ulikuwa unakosa nini?" Halikuwa swali la kujibiwa.

Tuliondoka Jumatano juu ya lori la viazi. Barabara ilikuwa potopoto tupu, matope mpaka magotini, na mahali fulani baada ya Maboya abiria wote tulishuka kusukuma. Kwenye kizuizi cha kwanza askari mmoja aliniuliza kwa Kilingala ninakwenda wapi, na niliposema "maneji" wakacheka wote, wakatuachia tupite. Kadiri tulivyoshuka kuelekea Beni hewa ilipata joto na kuanza kunuka mawese na ndizi zilizoiva, na mimi, mtoto wa baridi na ukungu, nilivua sweta nikajiona nimefika ng'ambo.

Sasa niwaambie kuhusu maneji. Farasi walikuwa wanane. Mmoja hakuwa na masikio. Rangi yao ilikuwa nyekundu iliyobanduka, na mchoraji alikuwa amewapa macho ya buluu yenye kope ndefu kama za bibi arusi. Mazuti ya jenereta yalikuwa yamekwisha siku mbili kabla, hivyo mwenye mtambo na wanaume wengine wawili waliuzungusha kwa mabega, wakikimbia ndani ya duara, jasho likiwatoka. Kipaza sauti kilisema haichokake. Wao walichoka sana. Baba alinipandisha, akanivua viatu nisije nikaviangusha, akabaki chini amevishika, kimoja kila mkono.

Mzunguko wa kwanza nilifunga macho. Wa pili niliyafungua, nikaona Beni yote ikipita, mabati, michikichi, Baba na viatu, mabati, michikichi, Baba na viatu. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tena. Wa tatu nikatazama pembeni, na farasi aliyenifuata alikuwa mtupu. Watoto walikuwa wachache siku ile. Kulikuwa na nafasi tele.

Tulikuwa turudi kesho yake. Asubuhi hiyo wale wenye bunduki, ambao juzi walikuwa kundi moja, walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe, na barabara ya Butembo ikafungwa. Tulikaa Beni kwa binamu ya Baba siku kumi na tisa. Simu hazikuwepo. Kila asubuhi Baba alikwenda mahali pa malori kuuliza habari za mtaa wetu, na kila adhuhuri alirudi na habari tofauti: pameungua, hapajaungua, watu wamekimbilia magharibi, hakuna aliyekimbia. Aliacha kula jioni. Siku moja nilimkuta amekaa uani, mkono wa kulia umepita juu ya kichwa chake, vidole vimeshika sikio. Aliponiona aliushusha haraka, akajifanya anajikuna.

Habari ya kweli tuliipata tulipofika nyumbani, kutoka kwa Mama mwenyewe, aliyekuwa amerudi siku tatu kabla yetu. Risasi zilipoanza alimfunga Kahindo mgongoni, akajitwika furushi kichwani, na Muhindo akampa sufuria. Walikwenda kwa nyanya yetu, Mukaka, upande wa Kasugho, kwa miguu, siku nne. Vilima, mito midogo, msitu. Siku ya kwanza Muhindo aliuliza kwenye kila kilima, "Mama, ni mbali?" Siku ya pili aliuliza mara moja. Kuanzia ya tatu hakuuliza tena. Hakubebwa hata hatua moja, maana hapakuwa na mtu wa kumbeba. Na sufuria ilifika.

Mama alisimulia hayo amesimama, hajampa Baba hata kiti. Halafu akasema, "Ule mwenye mukono yake haijakomaa, Tata Masika. Njo alitembea mpaka Kasugho."

Baba alitazama miguu ya Muhindo. Kucha mbili hazikuwepo. Mama hakurudia neno lile tena maisha yake yote, jambo lililokuwa baya zaidi.

Kwa siku kumi na tisa mimi nilikuwa nimekusanya hadithi za kumpa. Nilizipanga kama pipi: macho ya buluu, farasi asiye na masikio, wanaume waliokimbia ndani ya duara. Nilikuwa nimeamua kumwambia kwamba haikuwa nzuri sana, ili asiumie. Nilingoja aulize. Alikaa kizingitini akila muwa, akitema makapi mbali, akitazama barabara. Siku ya kwanza hakuuliza. Siku ya pili pia. Mwisho nikaanza mwenyewe, nikamwambia yote, na akanisikiliza kama mtu anayeambiwa kwamba mahali fulani ilinyesha.

Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja. "Yaya, pale kwa farasi, kama banapiga masasi, mulikuwa mutajificha wapi?"

Nikasema sijui. Akatikisa kichwa, akaendelea na muwa wake.

Mwaka ujao wa Baba ulichelewa kuja. Barabara ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka. Ikapita miaka miwili. Muhindo alikuwa ameanza shule, ameota meno mapya, na mikono yake ilining'inia mpaka karibu na magoti. Hakuwahi kuitaja maneji. Ni Baba aliyeitaja, tena mara kwa mara, kwa namna ya mtu anayekumbusha deni lake mwenyewe. Ilipotokea miezi michache ya utulivu alitupandisha lori sote wawili, akasema, "Sasa, mon fils, leo njo siku yako."

Uwanjani palikuwa na mahindi. Nguzo ilikuwa bado imesimama katikati ya mahindi, na mtu alikuwa amefunga kamba kutoka juu yake mpaka kwenye mti, akaanika sare za kijeshi. Baba alizunguka ile nguzo kama haamini. Alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akipalilia, naye akatuelekeza kwa fundi wa kuchomelea, nyuma ya soko. Jenereta ilikuwa imechukuliwa kitambo na wenye bunduki, na mwenye mtambo alikuwa ameuza chuma kwa kipande ili aondoke.

Kwa fundi tulimkuta farasi mmoja. Wengine walikuwa tayari ni nondo za madirisha. "Ya mwisho njo hii," fundi akasema, "nayo ninaikata kesho." Alikuwa chini, tumbo juu ya udongo, miguu imekwisha kukatwa, jicho moja la buluu linatazama ukuta.

"Panda," Baba akasema.

Muhindo akanitazama, akamtazama Baba. Akapanda. Miguu yake iligusa chini, yote miwili, nyayo nzima, magoti yakabaki yamekunjwa juu karibu na kidevu. Baba akashika shingo ya farasi akajaribu kumsogeza. Chuma kilikwaruza udongo. Akasukuma tena, kwa goti, kwa bega, kama wale wanaume waliokimbia ndani ya duara, na fundi akaacha nyundo akatazama pembeni. Muhindo alikaa mkono mmoja shingoni mwa farasi, akimwachia Baba afanye.

"Ni muzuri, Tata," akasema. Alisema kwa sauti ile tunayotumia kwa wagonjwa.

Baba akasema, "Eh?" akaangalia juu, kwenye mabati, kwa muda mrefu. Kisha akatununulia mikate ya mafuta, tukapanda lori la kurudi. Hakuna aliyeuliza ni nini kilichotokea kati ya mwaka ambao Muhindo alikuwa mdogo mno na mwaka ambao alikuwa mkubwa mno. Sote tulijua. Kati yake hapakuwa na siku hata moja aliyokuwa na umri wa kupanda farasi.

Baba tulimzika miaka mingi baadaye, kwa ugonjwa wa kawaida wa wazee, jambo ambalo kwetu ni neema. Na wakati mwingine, nikiona watoto wa siku hizi, nawaonea wivu na kuwacheka kwa pumzi moja. Wana majumba ya plastiki yaliyojazwa hewa, wanaruka humo na soksi. Wanapigwa picha kabla ya kufurahi, wakati wa kufurahi na baada ya kufurahi. Mtoto wa jirani yangu ana miaka minne na ameniambia kwamba bembea zinamchosha. Sisi furaha ilitufikia ikiwa imechelewa, ikinuka moshi, na hatukujua jinsi ya kuikalia. Lakini siwezi kusema kwamba vita vimekwisha na wao wana bahati. Wanajua majina ya vijiji ambavyo havipitiki. Wanajua, kama tulivyojua, sura ya mama anaposikiliza. Tofauti ni kwamba sasa sisi ndio tunaosema ndiyo au hapana, na sikujua kwamba kazi hiyo ni nzito hivi.

Jumamosi iliyopita Muhindo alipita kwangu asubuhi na binti yake. Ni mtoto wake wa kwanza, na kwetu binti akitangulia kuzaliwa huitwa Masika, kama mimi, na ana miaka mitatu na nusu. Kuna mtu amefungua bustani ya michezo yenye farasi wa kuzunguka kule Beni, na walikuwa njiani kwenda. Pikipiki ilikuwa inangoja nje.

"Beni?" nikasema. "Habari za njia hausikiake? Na huyu iko mudogo sana. Hatakumbuka kitu."

"Mimi nitakumbuka."

"Muhindo, ngojea afike ata sita. Ngojea njia itulie."

Alikuwa amepiga magoti akimfunga mtoto viatu, na alimaliza kwanza fundo, akalivuta kuona kama limeshika. "Yaya," akasema, bila hasira yoyote, "njia ilituliaka lini?"

Nilitafuta mwaka wa kumtajia. Nilirudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikafika ule wa maneji, huku yeye akimvisha mtoto kofia na kumpangusa pua.

"Tantine," Masika mdogo akaniambia mimi shangazi yake, "kule farasi inaumaka?"

"Haiumake," nikasema.

"Basi nitakuletea moja."

Muhindo akamtanguliza nje, akanipungia mkono bila kugeuka. Kisha akauvuta mlango nyuma yake polepole, akiuinua kidogo kwenye bawaba usikwaruze, mpaka kitasa kikaingia mahali pake.